Kutoka Mandera Hadi Lodwar

Timbwani, Likoni
Jumatatu, 27 Januari 2025

Kwa Bi Philister,
Uwanja wa ndege, Mandera

Asalaam aleikum, na kama hiyo si salamu ya kwenu, basi hujambo.

Hunijui. Jina lako nimelipata kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya sanduku lililomleta kaka yangu Obeid Jumatano iliyopita. Uliandika jina lake, uzito wa sanduku, kisha maneno haya: "Ameuawa dukani kwake Jumanne tarehe 21, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Poleni." Asante kwa hiyo pole. Wengine wote ambao sanduku lilipita mikononi mwao waliandika uzito tu.

Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Waliomwosha ni wajomba zangu wawili na mdogo wetu Imad. Walihesabu majeraha kumi na moja ya kisu: saba kifuani, manne mikononi, maana alijikinga. Imad alipotoka alikaa kibarazani na nguo zake zimelowa mpaka magharibi. Ana miaka ishirini na sita. Sasa anasema anamjua aliyefanya, na kwamba hahitaji kituo cha polisi wala hakimu.

Nina ombi. Mimi ni karani wa geti kwenye ghala moja la malori huko Changamwe. Kazi yangu ni kuandika lori gani limeingia, limetoka saa ngapi, limebeba nini, kwa hiyo daftari naliheshimu. Tumeambiwa kuna boksi la marehemu lililopakiwa kwenye ndege iliyotoka Mandera kwenda Lodwar siku ile ile ya Jumanne. Tunalitafuta. Naomba uniambie: kutoka Mandera hadi Lodwar ni kilomita ngapi, ndege huchukua muda gani, na ile ya tarehe 21 iliondoka saa ngapi na kutua saa ngapi, na nani alikuwemo. Tafadhali nakili vile vile ilivyo kwenye daftari. Usibadilishe hata herufi.

Ningepiga simu, lakini nasikia mlingoti wenu wa simu ulilipuliwa Alhamisi. Barua hii inakwenda kwa basi hadi Nairobi, na kutoka huko rubani wenu ataichukua, kama Obeid alivyozoea kutuma zake.

Wasalaam,
Hafswa


Mandera
Jumamosi, 1 Februari 2025

Dada Hafswa,

Sijambo, na pole tena. Barua imenifikia jana, rubani ameitoa kwenye mfuko wa shati ikiwa imelowa jasho. Mlingoti bado uko chini. Wametuambia wiki mbili, na hapa wiki mbili ni neno la kutuliza watu.

Mimi ndiye niliyemfunga kaka yako. Hospitali hawakuwa na shuka la kutosha, nikaenda dukani kwake nikachukua vikoi vinne kutoka kwenye rafu, vipya. Nadhani asingekataa. Damu ilikuwa imefika mpaka mlangoni na watu walikuwa wameikanyaga, kwa hiyo nyayo zilikuwa nyingi na hazikumsaidia mtu yeyote kujua lolote. Askari walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Mlinzi wa duka la pili ndiye aliyesikia kelele akaangalia saa. Hakuwaona waliotoka.

Sasa maswali yako. Mandera hadi Lodwar ni kilomita mia sita tisini na saba kwa mstari ulionyooka, kutoka mashariki kwenda magharibi, na chini yake ni jangwa na mawe mpaka uvuke Ziwa Turkana. Ndege yetu ndogo ya injini moja huchukua saa mbili na dakika ishirini na tano, upepo ukikubali. Kwa lori usijaribu. Hakuna barabara ya moja kwa moja, ni siku nne ukibahatika.

Ndege ile ilikuwa imelala hapa Jumatatu usiku kwa sababu ya gurudumu. Uwanja wetu hauna taa, hairuki ndege kabla jua halijatoka. Huu hapa mstari, nimenakili kama ulivyotaka:

21 JAN. MANDERA 0405. LODWAR 0630. RUBANI 1. MPAKIAJI 1. MZIGO KILO 610.

Mpakiaji ni Gedion, na huyo ni jirani yenu, anakaa Chaani na mke wake Fancy. Yuko Lodwar mpaka tarehe tano, halafu anakuja nyumbani likizo. Ukitaka kumuuliza habari za boksi muulize yeye, ingawa mimi katika orodha silioni boksi lolote la Obeid. Jumatatu walikosana vibaya hapa uwanjani. Obeid alikuwa na maboksi matatu ya feni, ndege ikawa imejaa, Gedion akayashusha. Obeid akamwita mbwa wa bara. Gedion akamshika ukosi, akamwambia, "Rudia, nikutoboe." Tukawaachanisha. Ni maneno ya jua kali, hapa husemwa kila siku. Nakwambia usije ukashangaa Gedion akikujibu kwa ukavu.

Mwambie huyo mdogo wako atulie.

Wako,
Philister


Timbwani, Likoni
Alhamisi, 6 Februari 2025

Bi Philister,

Boksi halipo. Nilikudanganya, na sasa nakueleza kwa nini.

Obeid alitupigia simu Jumatatu ile jioni, kabla ya kufa, akatueleza ugomvi wake na Gedion. Alitaja hilo neno, nikutoboe. Kesho yake akatobolewa mara kumi na moja, na daktari wenu ameandika kwamba kisu kilikuwa kifupi na kipana, cha aina wanayokatia kamba za mizigo. Tangu siku hiyo Imad hana jina jingine kinywani. Mimi nilimpinga. Nilimwambia Gedion siku hiyo alikuwa Lodwar, mbali mno, hawezi kuua mtu Mandera. Tukampigia Gedion mwenyewe. Akasema aliondoka Mandera asubuhi. Imad akamjibu, "Saa nne pia ni asubuhi," akakata simu. Tukampigia mpishi wa hoteli moja ya Lodwar, akasema Gedion alikula kwake saa saba mchana. Yote yakabaki kwenye muda wa kuruka. Ndio maana nilikuuliza, na nikakuficha sababu, kwa sababu ni mwenzako na nilichelea ungemkinga. Wallahi nilitaka jibu limsafishe.

Barua yako ilifika jana. Nimeisoma kwa sauti sebuleni saa kumi na moja jioni, mbele ya mama na Imad. Imad akaniuliza hiyo 0405 ni saa ngapi. Nilifikiri kabla ya kujibu. Kwa saa ya kwenye simu ni saa kumi alfajiri, na hilo haliwezekani, kwa kuwa umeandika hakuna taa na ndege hairuki kabla ya jua. Basi ni saa za Kiswahili, kama tunavyoandika sisi kwenye daftari la geti, na kama wewe mwenyewe ulivyoandika juu ya sanduku. Saa nne na dakika tano asubuhi. Kutua Lodwar saa sita na nusu. Kula saa saba. Obeid amechomwa saa nne kasoro dakika kumi. Kati ya kisu na ndege ni dakika kumi na tano.

"Una hakika, dada?" Imad akaniuliza.

"Sina shaka," nikasema.

Mama alilia. Imad hakulia. Alisema, "Kumbe hata kunawa alinawa njiani."

Nimemwambia daftari hili ni ushahidi na tutalipeleka kwa wakili Jumatatu. Nimemwapisha mbele ya mama kwamba hatafanya lolote kabla ya hapo. Akasema inshallah. Leo mchana nimemkuta nje akizungumza na Ruwa, kijana wa bodaboda wa mtaa huu. Nikauliza wanakwenda wapi. Imad akasema, "Dada nawe! Mtu hata akitaka kupunga upepo aandikwe kwenye geti?" Ruwa akacheka. Mimi sikucheka, lakini niliondoka nikaenda kazini.

Naomba ulitunze daftari hilo lisipotee. Litahitajika mahakamani.

Hafswa


Chaani, Changamwe
Jumapili, 9 Februari 2025

Philister,

Gedion amekufa. Naanza na hilo ndio usisome ukitafuta.

Alifika Alhamisi asubuhi. Ijumaa saa tisa na nusu alikuwa amekaa kwa benchi nje ya ploti tunayopanga, jirani anamnyoa. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeisha. Mimi nilikuwa naanika nguo. Pikipiki ikakuja na watu wawili. Yule wa nyuma akashuka na gunia mkononi akasalimia vizuri tu, akauliza, "Wewe ndiye Gedion wa ndege?" Si unamjua Gedion. Akamwambia, "Wa ndege tuko wengi, unataka wa kuendesha ama wa kubeba?" Jirani akacheka. Huyo mtu akatoa panga kwa gunia.

Ya kwanza Gedion aliinua mkono wa kushoto, vidole vinne vikaanguka hapo kwa nywele. Ya pili ilikuwa ya bega. Ya tatu ya shingo, na hapo alikuwa ameshaanguka. Kila akikata alikuwa anasema, "Saa nne na dakika tano! Saa nne na dakika tano!" Nilimrushia beseni. Aliniangalia kama mtu ambaye hana shida na mimi, akarudi kukata. Kisha akakimbia na kichochoro cha kule nyuma, kwa reli, na hatujui alienda wapi.

Yule wa pikipiki alikuwa bado anapiga kiki, haiwaki. Wapakiaji wa malori wakamfikia. Alikuwa analia, "Mimi ni wa boda! Nimebeba abiria tu! Simjui!" Mtu akampiga na chuma ya jeki kwa mdomo, hapo maneno yakaisha. Wakaleta mawe, halafu wakaleta tairi na petroli. Nilisimama nikaangalia mpaka mwisho. Sikusema wamwache. Nakwambia hivyo kwa sababu pasta ameniuliza na nimemdanganya.

Gedion alikaa hospitali mpaka Jumamosi saa mbili asubuhi. Hakusema kitu, walikuwa wamemwekea mpira kwa koo.

Sasa hapa ploti wanasema aliua mtu wa Likoni huko Mandera, ndio ndugu zake wamekuja. Hata mama wa kanisa aliyekuja kukaa na mimi aliniuliza polepole, "Lakini kwani alikuwa amefanya nini?" Kanisa wanasema mazishi yangoje kidogo mpaka mambo yajulikane.

Wewe ulikuwa huko. Huyu mtu alikuwa anahesabu saa gani? Mume wangu aliua ama hakuua? Niandikie ndio ama la.

Fancy


Mandera
Alhamisi, 13 Februari 2025

Hafswa,

Barua yako ya tarehe sita na ya Fancy ya tarehe tisa zimefika jana pamoja, kwenye mfuko mmoja. Nilifungua yako kwanza. Nilipofika kwenye hesabu yako ya dakika kumi na tano nilisimama, nikatoka ofisini nikikimbia, nikamkuta rubani bado anakunywa chai. Nikampa namba ya Fancy. Nikamwambia akifika Wajir apige, kabla hata ya kuzima injini, amwambie Gedion atoke Chaani siku hiyo hiyo. Kutoka hapa hadi Wajir ni kilomita mia tatu na kumi na mbili, ni saa moja na dakika kumi. Nilimwona akiruka. Ndipo nikarudi ofisini nikafungua barua ya Fancy.

Sikiliza vizuri. Daftari la ndege haliandikwi kwa saa za Kiswahili wala kwa saa ya simu yako. Linaandikwa kwa saa za dunia, ambazo marubani wote hutumia, wawe Mandera au wawe Ulaya, ili wasigongane. Hizo ziko nyuma ya saa ya simu yako kwa saa tatu, yaani 0405 kwenye simu yako ni 0705. Ikiandikwa 0405, hapa Mandera jua limeshatoka na watu wamekunywa chai: ni saa moja na dakika tano asubuhi. Ndipo ndege ya Gedion iliporuka. 0630 ni saa tatu na nusu asubuhi. Ndipo ilipotua Lodwar.

Kaka yako alichomwa saa nne kasoro dakika kumi. Gedion alikuwa ameshatua dakika ishirini kabla, umbali wa kilomita mia sita tisini na saba. Alikuwa anashusha mizigo. Chakula cha saa saba kilikuwa chakula cha mchana, kama watu wote wanavyokula.

Visu vya kukatia kamba viko mia hapa sokoni. Hata mimi ninacho. Aliyemuua Obeid hajakamatwa na hakuna anayetafutwa.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Sijawahi kumweleza mtu maana ya zile saa kwa kuwa sijawahi kuulizwa na mtu asiyezijua. Uliniambia nisibadilishe hata herufi, nami nikatii. Ningeongeza mstari mmoja chini yake, Gedion angekuwa hai, na huyo mtoto wa bodaboda pia. Hilo ni langu na nitalala nalo. Lakini na wewe una lako. Ungeniuliza waziwazi, "Je, Gedion ndiye aliyemuua kaka yangu?" ningekujibu kwa neno moja. Badala yake ulinitungia boksi.

Fancy nimemwandikia neno moja hilo, LA, kwa herufi kubwa, na chini yake nimeeleza saa. Nimeweka na muhuri wa ofisi ili kanisa walione.

Nina swali moja, na safari hii mimi ndiye ninayetaka jibu bila kubadilishwa. Imad yuko wapi?

Philister


Likoni
Jumatano, 19 Februari 2025

Philister,

Yuko nyumbani. Chumba cha nyuma, kile cha Obeid. Alifika Ijumaa ile usiku kwa miguu kupitia Dongo Kundu ili akwepe kivuko, miguu imechubuka, shati hana. Mama alimwosha yeye mwenyewe kama mtoto. Mimi nilichoma suruali. Naandika hivyo kwa sababu nimeshayaandika haya pia mahali pengine, na utajua ni wapi.

Siku kumi na mbili nimekwenda kazini nikaandika malori. Nilijiambia ameua muuaji. Ruwa sikumfikiria, maana nikimfikiria kalamu husimama. Ijumaa iliyopita baba yake, Mwarandu, alipiga hodi kwetu. Walikuwa wamemkabidhi mabaki ya Ruwa kwenye mfuko kutoka mochari, akaubeba mwenyewe kwenye mapaja ndani ya gari. Hakuja kwa ugomvi. Aliuliza tu kama kuna mtu mtaani aliyeona ni nani aliyemkodi mwanawe siku ile, kwa sababu Ruwa hakuwa na safari za Changamwe. Mama akamwambia, "Hatujui, ndugu yangu. Mungu atamwonyesha." Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Mwarandu akashukuru, akaomba maji, akanywa, akaenda.

Barua yako imefika jana. Nilisubiri mpaka watu wa nyumba wale. Kisha nikawaambia mama na Imad waje sebuleni, nikaisoma kwa sauti, kama nilivyosoma ile ya kwanza. Pale penye saa nilisoma mara mbili.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe niichome."

"Haya, mama," nikasema, lakini sikumpa.

Imad alikuwa anaangalia vidole vyake. Akasema, "Kwa hivyo hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye."

"Na mimi nilikuuliza, dada. Nilikuuliza una hakika. Ukasemaje?"

"Nilisema sina shaka."

"Basi." Akainuka. "Wewe ndiwe ulosoma. Mimi nilibeba tu."

Mama akamkemea, si kwa hayo, bali kwa kusema kwa sauti majirani wakasikia. Kisha akanigeukia mimi. "Hafswa, nimezika mmoja mwezi uliopita. Usinitie wa pili kaburini kwa mkono wako." Nikamwambia Fancy amefiwa, na Mwarandu amezika, na waliokufa wote wawili hawana kosa. Akanipiga kofi. Nina miaka thelathini na minane na hajanipiga tangu nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Imad akamshika mama, akamkalisha, akarudi chumbani kwake akalala. Nilisikia pumzi zake. Amelala vizuri usiku kucha.

Leo saa mbili asubuhi nilimwambia mama nakwenda kazini. Nimekwenda kituoni. Nimeandika maelezo kurasa nne: barua zangu kwako na uwongo wa boksi, hesabu ya dakika kumi na tano, neno nililomjibu Imad, suruali niliyoichoma, na Mwarandu kudanganywa sebuleni kwetu. Nimetia sahihi kila ukurasa. Barua zako mbili zimechukuliwa. Watakuita, na ukiitwa njoo, uwaeleze saa wewe, maana mimi sitaaminiwa.

Afisa anayeandika alizisoma kurasa zote nne. Akauliza, "Dada, unajua na wewe umo humu ndani?"

"Najua."

"Na bado unatia sahihi?"

Nikamwambia anipe kalamu nyingine, ile ilikuwa imekwisha wino.

Walinipa karatasi nichore nyumba. Nimechora vyumba vitatu, jiko, ukuta wa jirani na urefu wake. Afisa akauliza, akikimbia atatokea wapi. Nimewachorea mlango wa uani, kwa sababu mama ataufungua. Nimewaomba wasimpige risasi. Akasema hilo litategemea yeye atakavyotoka.

Nimeambiwa nisiondoke. Nimekaa kwenye benchi la nje, ndipo ninapoandikia. Gari lao limetoka sasa hivi. Wamo sita, na wote wana bunduki.

Hafswa